Mzee wa King'ora

Ukiwa na siri, yeye hakuwa mtu wa kumpelekea. Masikio yake yalikufa zamani, yameuliwa na mashine za kuchambua pamba pamoja na king'ora alichokipiga kwa mkono wake mwenyewe. Ukitaka akusikie ilibidi upaze sauti mpaka mishipa ya shingo ikutoke, na ukishapaza sauti hivyo kota nzima imeshajua habari zako. Mama yangu, ambaye mlango wake ulitazamana na wa mzee huyo, alikuwa akisema afadhali atangaziwe mambo yake kanisani kuliko kumweleza jirani. Na majibu ya mzee ndiyo usiseme. Kiziwi hajui sauti yake imefika wapi, kwa hiyo alikujibu kama mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde.

Sisi wa Kiwandani tulimwita Mzee wa King'ora. Jina la ubatizo analo, la ukoo analo, sijui nani alikuwa akiyatumia. Kiwandani ni mji mdogo upande wa Natta, ulioota kuzunguka kiwanda cha pamba, na kiwanda kilipokufa mji ukabaki umekaa tu pale, kota zake zimepangwa mistari minne, geti la chuma halifungwi wala halifunguliwi. Baba yangu alitoka Nyanungu kuja kufanya kazi ya kufunga marobota, akamwoa mama, wakapewa chumba na sebule kwenye mstari wa pili. Mimi ndimo nilimozaliwa. Siku hizi naishi Tarime mjini, nashona sare za shule, na nina ulimi mkali, wateja wangu watakwambia.

Kazi yake ilikuwa moja: kuwaambia watu muda. King'ora kilikuwa kimefungwa kwenye jukwaa la saruji karibu na geti, ngazi saba kwenda juu. Zamani kilikuwa cha umeme, halafu umeme ukawa wa kubahatisha, mafundi wakakitengenezea chuma cha kuzungushia, sisi tukakiita mkono. Mkono ule ulikuwa unachomoka. Kila akimaliza kupiga aliuchomoa, akaufunga kwenye kipande cha gunia, akaenda nao nyumbani. Watoto tuliamini analala nao. Mke wake, ambaye sasa ni marehemu, aliulizwa siku moja kisimani kama ni kweli, akacheka akasema, "Upande wa ukutani nalala mimi, upande wa mlangoni analala mwenzangu wa chuma."

Saa alikuwa nayo moja, ile ya mezani ya kengele, mguu mmoja umevunjika, ameiegemeza kwa kiberiti. Lakini saa ile ilikuwa inakimbia, na yeye redio haisikii. Basi walikuwa na utaratibu wao na mama. Alfajiri mama anafungua redio, anakaa nayo mlangoni, na saa kumi na mbili ikitimia anapunga kanga. Mzee amesimama mlangoni kwake na saa mkononi, akiiona kanga anarekebisha. Kila siku ya Mungu. Mama alipokuwa mjamzito wa mdogo wangu, hajiwezi, alinitoa mimi kitandani nikapunge. Nilipunga mapema makusudi ili nirudi kulala. Siku hiyo watu wa zamu ya kwanza walifika getini kabla meneja hajafika, wakasimama nje wakipigwa na baridi, na mzee hakuniambia neno. Alikuja tu jioni, akaniangalia kwa muda mrefu, akarudi kwake. Wallahi bora angenichapa.

Alipokuwa akipiga king'ora alijaza pamba masikioni. Hilo lilieleweka zamani, alipokuwa bado anasikia. Lakini hata baada ya kuwa kiziwi kabisa aliendelea kujaza. Baba akamtania, akimwita kama tunavyowaita wazee kwetu, "Sasa unaziba nini, Tata?" Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya mizani, "Nalinda yaliyobaki!" Watu walicheka wiki nzima.

Mtu mwenyewe wa muda, lakini mahali pengine popote alikuwa wa kuchelewa. Harusini anafika watu wanakusanya viti. Kanisani anaingia wakati wa sadaka, na kwa sababu hasikii viatu vyake anatembea kwa kishindo mpaka benchi la mbele. Kumsema haikusaidia. Alijibu kwamba muda wa kiwanda ni wa watu, muda wake ni wake. Pia alikuwa mkali kwa uongo, mkali kwelikweli, mtoto akidanganya mbele yake alimkamata kidevu akamwambia, "Niangalie usoni, useme tena." Hakuwa akisoma midomo tu. Alisoma shingo, mikono, miguu. Ukimdanganya mtu anayesikia unahangaika na maneno, lakini kwa yule ilibidi uhangaike na mwili mzima.

Kiwanda kilifungwa nikiwa darasa la sita. Sitaeleza sababu, kila mtu ana yake, na zote nimezisikia mpaka nimechoka. Ninachokumbuka ni kwamba mashine zilinyamaza, lakini king'ora hakikunyamaza. Saa moja kamili asubuhi, mzee juu ya jukwaa, anazungusha. Siku ya kwanza watu walitoka wakidhani kuna habari njema. Siku ya pili wakatoka wachache. Wiki ya pili hakuna aliyekwenda getini tena, ila ndani ya nyumba zetu sauti ile ilifanya kazi yake vilevile. Baba yangu akiisikia aliamka, akavaa ovaroli ya buluu, akafunga kamba za viatu vizuri, akaenda kukaa kwenye kizingiti. Anakaa hapo mpaka jua limuunguze, ndipo anaingia ndani kuvua.

Mama alivumilia majuma matatu. Asubuhi moja akajifunga kanga, akavuka uwanja, akapanda zile ngazi saba. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akamshika mzee mkono, na kwa kuwa ilibidi apaze sauti, mstari mzima wa pili ulisikia, baba akiwemo.

"Tata, acha! Mume wangu anavaa viatu kila siku na hana pa kwenda!"

Mzee alimwangalia usoni. Akachomoa mkono, akaufunga kwenye gunia, akashuka. Hakupiga tena saa moja asubuhi mpaka leo. Wala mama hakupunga tena kanga, hata siku moja. Siku iliyofuata baba akachukua jembe akaenda kutafuta shamba la kukodi.

Kilichofuata ni jambo la kwetu, na asiye wa kwetu lazima aelezwe. Huku ng'ombe wakiibwa anayeona anapiga yowe, na anayelisikia anaacha alichoshika anakimbia, iwe anakula, iwe anaoga. Huulizi ni ng'ombe wa nani. Usipokwenda leo, kesho wakichukuliwa wako utapiga yowe ukasikilizwa na miti. Na anayepiga yowe la bure, hakuna kilichoibwa, anachinja ng'ombe awalishe wote waliokuja. Mara nyingi yowe lilikuwa halivuki mto, hasa upepo ukiwa mkali, na ng'ambo ndiko waliko wafugaji wengi. Basi wazee wakakaa ritongo, yaani ule mkutano wa hadhara wa kuamua mambo, wakasema: tunacho king'ora, tunaye mwenye mkono, kwa nini tupasue makoo?

Tangu hapo king'ora kikawa na maana moja. Kikilia, ng'ombe wamechukuliwa. Mimi mwenyewe nilishuhudia mara moja, nimeshamaliza shule, nimekuja kumwona mama. Saa tisa mchana walichukuliwa ng'ombe wa mjane mmoja malishoni. Mzee alizungusha chuma kile mpaka jasho likamtoka viatuni, na kabla hajamaliza vilima vyote vilikuwa vinatembea watu. Jioni ng'ombe walirudi wote, na ndama mmoja amebebwa mabegani. Mjane alikuja kumshukuru, akapiga magoti. Mzee akamwambia ainuke, akamwuliza swali moja tu, kwa sauti yake ile: "Walikuja wangapi kukusaidia?" Mjane hakujua, hakuhesabu. Mzee alionekana kukasirika kwamba hakuhesabu. Nilidhani ni wazimu wake wa kawaida.

Sasa nije kwenye ujio wangu wa mwaka jana, kwa sababu nina deni la kueleza na nimelizungukia vya kutosha.

Kiwanda wamekifufua, ila si kwa pamba. Vijana wa pale, wakiongozwa na binti mmoja aliyesomea mambo ya sanaa, waliomba yale majengo wakapewa, wakayageuza nyumba ya utamaduni. Binti huyo nitamwita Mratibu, ndivyo wanavyomwita wote. Alinipigia simu Tarime kuniomba niwashonee waongoza wageni ovaroli za buluu kama zile za zamani. Nilichimbua sandukuni ovaroli ya marehemu baba, nikaifumua mshono mmoja baada ya mwingine nipate kipimo, nikashona kumi na mbili. Nikaamua nizipeleke mwenyewe.

Nilikwenda na midomo yangu yote mikali, tayari kucheka. Nilipoingia sikucheka. Banda la mizani wamelichora ukuta mzima, wanawake wenye pamba kichwani, mmoja amefanana na mama mpaka nikageuka pembeni. Ofisi ya meneja, ambayo baba hakuwahi kuingia akiwa amevaa kofia, sasa inauza chapati na kahawa. Kwenye ghala la marobota watoto wanafundishwa litungu, wamekaa chini na nyuzi zao nane, mwalimu wao anapiga mguu sakafuni mlemle ambamo vumbi la pamba liliwakohoza wazazi wetu. Wageni wanakuja na magari kutoka kambi za watalii. Nasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi na nikaona uchungu kidogo, maana wafu wetu hawakualikwa.

Mratibu akanipeleka jukwaani, akanionyesha king'ora. Wamekisugua, wamekipaka rangi nyekundu.

"Mama Bhoke," akaniambia, "Jumamosi tunafungua rasmi. Tunataka sherehe ifunguliwe kwa king'ora, saa kumi jioni, kama zamani. Mzee kakataa. Tumekwenda mara tatu. Mkono anao yeye."

"Kakataa kwa nini?"

"Anasema king'ora si ngoma. Shikamoo yangu akaitikia, chai akatunywesha, ila mkono hatoi. Wewe ni mtoto wa jirani yake. Ukisema wewe atakusikia."

"Huyo hamsikii mtu, mwanangu, hilo ndilo tatizo lake," nikamwambia. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nikaenda na sukari na majani ya chai.

Nilimkuta amekaa kizingitini, nywele nyeupe kama pamba aliyojaza masikioni maisha yake yote, anapukuchua mahindi. Niliposema shikamoo alinitambua kabla sijafunga mdomo. "Marahaba! Binti wa kanga!" Tukakaa. Nikamweleza kwa kelele, mstari wa pili wote ukasikiliza ombi langu. Nikamwambia watu wanataka kukumbuka. Nikamwambia watoto wa watoto hawajawahi kusikia sauti ile ila kwa balaa. Nikamwambia, na hili nililisema kwa ujanja, kwamba baba na mama wangependa.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akachukua lingine. Halafu akasema, "Kikilia watakuja."

"Tutawaambia kabla, Tata. Tutatangaza."

"Wa huku mtatangaza. Soko mtatangaza, kanisa mtatangaza, msikiti mtatangaza. Wa ng'ambo?"

"Na wa ng'ambo."

"Wa ng'ambo uende wewe mwenyewe. Usitume mtu. Usitume simu, simu zao zinakaa kwenye kibanda cha kuchajia siku tatu. Uende kwa miguu yako, boma kwa boma, uwaambie Jumamosi saa kumi ni sherehe, wasije. Ukinirudishia jibu, nitapiga."

Nikasema ndiyo. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilichukua bodaboda mpaka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Bodaboda akaniangalia akasema, "Mama, mimi nina watoto." Nikakaa ukingoni nikala mahindi ya kuchoma mawili. Maji hayakupungua. Nikajiambia nitarudi Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na ovaroli mbili za kupunguza, na Mratibu ana maswali yasiyokwisha, na jua lilipoanza kuinama nikapiga namba ya mtu mmoja wa ng'ambo niliyopewa sokoni. Haikupatikana. Nikapiga tena. Haikupatikana. Nikasema moyoni, hao watu wako mbali, upepo wenyewe unavuma kwenda upande mwingine, nani atasikia? Ndivyo nilivyosema. Simsingizii mtu.

Jioni hiyo nikapita kwa mzee. Alisimama mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza, "Umewaambia?"

Kwa kiziwi kichwa kinatosha. Nikaitikia kwa kichwa. Hata sauti sikutumia.

Akaingia ndani, akatoka na lile furushi la gunia.

Jumamosi mji ulijaa. Wageni wa kambini, viongozi wa wilaya, akina mama na mikeka yao, vijana kumi na wawili ndani ya ovaroli zangu. Mzee alifika kwa wakati, wa kwanza kabisa, amevaa koti. Saa kumi kasoro alipanda ngazi saba, polepole, akajaza pamba masikioni. Watu wakacheka kwa upendo. Akachomeka mkono, akainama, akazungusha.

Sitaki kutia chumvi. Ila sauti ile ilipopanda, watu wazima wenye vitambi walilia. Mimi nililia nikashikilia ukuta. Nilimwona baba anafunga kamba za viatu. Mzee alizungusha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa mtoni. Mratibu akampungia kwamba inatosha. Hakumwona, au hakutaka kumwona.

Hotuba ya pili ilikuwa haijaisha walipofika. Walitokea getini wanakimbia, wameloa mpaka kifuani, maana mto ulikuwa umepungua kiasi cha kuvukika kwa mtu asiyeogopa kufa. Wana pinde, wana mishale, wana marungu, wengine peku. Vijana, watu wazima, na nyuma yao wazee wanaohema kama mivukuto. Wa mbele anapaza sauti:

"Zimeelekea wapi? Zimeelekea upande gani?"

Na wageni, jamani, wageni wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo. Wakasimama kwenye viti wakatoa simu wakapiga picha. Kijana mmoja wa kucheza ngoma akapiga kigelegele cha kiume kuwapokea. Mratibu mwenyewe alinigeukia akitabasamu, "Mama Bhoke, hawa umewaandaa wewe?" Nilijiona mdogo kama piritoni.

Wale wanaume walisimama. Waliangalia viti vya plastiki, maputo, keki. Mzee mmoja wao akakaa chini palepale kwenye vumbi, kichwa katikati ya magoti, akitafuta pumzi. Yule wa mbele akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Wanapiga makofi ya nini?"

Mzee wa King'ora alikuwa ameshashuka. Alikwenda mpaka mbele yao, akavua kofia. Makofi yakafa yenyewe.

"Hakuna ng'ombe walioibwa," akasema, na sauti yake ilifika kila mahali bila kipaza sauti. "Nimewaita bure. Kosa ni langu."

"Hatukuambiwa," yule wa mbele akasema.

"Kosa ni langu," mzee akarudia. "Kesho asubuhi njooni mle."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mdomo ninao, ulimi ninao, wateja wangu wote wanaufahamu. Sikuutumia. Mzee alikuwa na dume moja tu, jekundu, ndilo lililomlimia shamba. Jumapili asubuhi walilichinja mbele ya geti, watu wa ng'ambo wakala, wa kota wakala, na mimi nikaletewa sahani. Nilikula. Mchana nikapanda basi kurudi Tarime.

Kule ng'ambo walioachiwa mifugo siku ile walikuwa watoto, na ng'ombe wengi waliingia mashamba ya watu. Maneno yaliendelea mpaka mvua za vuli. Mratibu alinipigia simu kunieleza, akasema mzee haongei, siku hizi hata jukwaani hapiti. Alisema pia kwamba sasa analima kwa jembe la mkono. Nilikata simu nikakaa mbele ya cherehani yangu siku nzima sijashona hata kola.

Nilirudi mwezi uliopita. Sikuwa na ovaroli wala mwaliko. Nilikuwa na sukari, majani ya chai na maneno yangu. Nilimkuta palepale kizingitini. Amekonda. Shikamoo, marahaba, binti wa kanga, kaa. Nikakaa chini miguuni pake na nikaanza kumweleza kwa sauti ya kawaida, maana nilitaka iwe kati yetu wawili.

"Sisikii," akasema. "Paza sauti."

Nikainua kidogo.

"Sisikii!"

Hapo nikajua hakuna njia ya mkato. Nikasimama. Mstari wote wa pili ulikuwa nje jioni ile, wanawake wako bombani na ndoo zao. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Tata! Sikwenda ng'ambo! Nilikudanganya! Mto ulikuwa umejaa, nikarudi, nikakuitikia kwa kichwa! Dume lako nimelichinja mimi!"

Bomba lilikuwa linatiririka, hakuna aliyelifunga. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Mzee alinitazama. Halafu akafanya jambo ambalo maisha yangu yote sijamwona akifanya. Alishusha sauti.

"Nilijua," akasema. "Alhamisi nilikwenda kuuangalia mto. Na ulipokuja Ijumaa viatu vyako vilikuwa vikavu, havina hata tope."

"Sasa mbona ulipiga?"

Alinielewa bila kelele. Akaokota punje za mahindi zilizodondoka, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Kiwanda kilipofungwa nilipiga majuma matatu," akasema. "Hakuja mtu. Alikuja mama yako peke yake, kuniambia niache. Alisema kweli, nikaacha. Halafu ikawa ya ng'ombe, wakaja. Lakini hiyo ni zamani. Ng'ombe hawajaibwa siku nyingi, vijana wana simu, mimi nazeeka. Nikawa najiuliza kama nikipiga watakuja. Ningeuliza nani? Kitu kile huwezi kukijaribu. Basi ukaja wewe na uongo wako."

"Dume lako, Tata."

"Dume ni la kosa langu. La kwako utajua mwenyewe utalipaje." Alitikisa ungo. "Walikuja wazee. Ulimwona yule aliyekaa chini? Yule ni wa rika langu. Amevuka mto ule."

Hakuwa anatabasamu, wala hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu aliyemaliza kuhesabu kitu akakikuta kimetimia. Nilitaka kukasirika, dume zima, na aibu niliyobeba miezi yote ile. Nikatafuta hasira sikuipata.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Walipotokea pale getini, nilimwona wa mbele anafungua mdomo. Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anauliza zimeelekea wapi."

Akaweka kiganja sikioni. "Eeh?"

"Zimeelekea wapi!"

"Sema kama alivyosema yeye."

Nikavuta pumzi. Nikapiga kelele kama yule mtu alivyopiga, kwa kifua chote, "Zimeelekea wapi? Zimeelekea upande gani?"

Mlango wa nne kutoka pale ulifunguliwa kwa kishindo. Akatoka jirani, mtu mzima wa makamo, ametoka usingizini, kiatu kimoja, rungu mkononi, anakimbia kuelekea kwetu huku anafunga mkanda. "Za nani? Zimepita wapi?"

Mzee wa King'ora alimwona. Alianza kutikisika mabega, kisha akacheka, akacheka mpaka punje zote zikamwagika tena.

"Umemwita mtu, binti wa kanga," akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, iliyofika mpaka getini. "Umemwita bure. Haya, mlishe."

Jirani alisimama katikati yetu anahema, hajui aangalie wapi. Nikamwomba akae. Nikaingia ndani kwa mzee kuwasha jiko na kutafuta kikombe cha tatu.